Ununuzi na utunzaji wa beila kuukuu ya marobota ya mstatili: nikague nini kabla ya kulipa?

Mleta uzi, Arusha

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu salaam. Nina shamba la nyasi za malisho za boma rhodes lisilofika ekari 40, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikikodi beila, yaani mashine ya kufunga nyasi kuwa marobota, kutoka kwa jirani. Adha ya kukodi mnaifahamu: nyasi zikishakauka barabara hazisubiri mtu, na wiki hiyo hiyo ndipo kila mwenye shamba anapoitaka mashine, kwa hiyo anayefungiwa mwisho hufungiwa nyasi zilizopauka kwa jua au zilizokwisha kunyeshewa.

Sasa nimepata beila ya zamani ya New Holland iliyoletwa kutoka Uingereza, ile ndogo ya marobota ya mstatili inayofunga kwa kamba mbili. Imepakwa rangi upya, matairi yake ni mazima, na muuzaji ananihakikishia kwamba haina shida yoyote. Trekta langu ni Massey Ferguson 240. Naomba mliowahi kumiliki mashine hizi mnieleze nikague nini, nimuulize nini muuzaji, na baada ya kununua niitunze vipi. Fedha zitakazotoka ni karibu akiba yangu yote, hivyo kila ushauri nitauzingatia.

Mchangiaji, Nakuru

Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu beila ni miongoni mwa mashine chache za shamba ambazo umri wake peke yake haukuambii kitu. Zipo zilizotengenezwa miaka ya 1970 ambazo bado zinafunga kutwa nzima bila kukosa fundo, na zipo za juzi tu ambazo zimekwisha kwa sababu mwenyewe hakujali grisi. Kinachozitenga hizi na zile ni mtambo wa kufunga fundo. Chuma kilichopasuka huchomelewa, tairi hununuliwa mjini, beringi nyingi hupatikana kwa namba yake katika duka la kawaida la vipuri. Lakini mtambo wa fundo ukiwa umechakaa, na wewe huujui, utakuwa umenunua mashine ya kukandamiza nyasi na kuzimwaga tena. Kwa hiyo nakusihi: usilipe mpaka umeiona kwa macho yako ikifunga nyasi halisi, shambani.

Kabla ya kufika shambani, anza kwa kuizungusha kwa mkono. Trekta lizimwe na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu za trekta kwenye mashine, ichomolewe kabisa. Tia kamba kwenye sindano, kisha shika ile flaiwili kubwa ya mbele, yaani gurudumu zito la chuma, na kuizungusha taratibu kuelekea upande inakozunguka ikiwa kazini, halafu inua ule mkono wa kupimia urefu wa robota ili mtambo wa fundo ushike kazi. Mwenzako aendelee kuzungusha, wewe simama panapoonekana vizuri, mikono ikiwa mbali. Utaziona sindano mbili zilizopinda zikipanda kutoka chini, kila moja imebeba kamba kwenye tundu lake. Zitaingia katika chumba cha kukandamizia zikipita ndani ya mifereji iliyo kwenye uso wa planja (kile kipande kizito kinachokwenda na kurudi kikikandamiza nyasi), zitaifikisha kamba juu, zitailaza juu ya kichuma kidogo kinachofanana na mdomo wa ndege, na kuiingiza katika pengo la sahani ya kamba. Hapo sahani huzunguka kidogo na kibano kuzibana kamba zote mbili, yaani ile iliyokuwa imeshikwa tangu robota lililopita na hii iliyoletwa na sindano. Mdomo nao huzunguka mzunguko mmoja kamili ukijivingirishia kitanzi. Katika kuzunguka huko hufunguka, huzidaka kamba zote mbili, na kufumba. Mwisho hupita mkono wenye kisu, ambao hukata kamba kati ya mdomo na sahani, kisha hukisukuma kitanzi kivuke juu ya ncha zilizodakwa. Hapo fundo limekaza. Mashine ikiwa kazini yote haya huisha kwa takriban sekunde moja, kwa hiyo kuzungusha kwa mkono ndiyo nafasi yako ya kuyaona.

Utaratibu huu ulibuniwa na John Appleby wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1870, kwa ajili ya mashine za kufunga miganda ya ngano, na msingi wake haujabadilika sana hadi leo. Ndiyo maana fundi aliyeuelewa kwenye New Holland hababaiki akiletewa Massey Ferguson, John Deere au Claas. Ukiuelewa wewe mwenyewe, hutakuwa mateka wa fundi anayekuja kesho.

Sasa tazama hali ya vipande. Mdomo unapaswa kuwa laini na unaong'aa. Pitisha kidole juu yake, na kama unahisi mfereji uliochimbwa na kamba, au kutu iliyokula chuma, ujue vitanzi vitakuwa vinakwama hapo. Mkono wa kusukuma kitanzi ni lazima uguse mgongo wa mdomo unapopita, uukwaruze kidogo, si kuuponda wala kuuacha pengo. Kisu cha kamba kiwe kikali. Shika mdomo uutikise: ukicheza sana katika kiti chake, vishikizo vimekwisha, na hapo bei ianze kushuka. Mwisho jaribu kuzisukuma sindano kwa mkono zikiwa mahali pake pa kupumzikia. Zinapaswa kukataa, kwa sababu kuna breki inayozizuia. Zikienda kirahisi, siku moja zitajisogeza zenyewe ndani ya chumba wakati planja inakuja.

Jambo hilo la sindano na planja ndilo linalovunja mashine. Ncha za sindano ziingie chumbani wakati uso wa planja umekwisha kuzipita, ili mifereji ya planja izilinde na nyasi zisizipinde. Mpangilio huo ukivurugika, kwa mfano fundi amerudisha mnyororo au gia kwa jino moja pungufu, planja itakutana na sindano, na sindano ya chuma cha kusubu haikunjiki, huvunjika. Watengenezaji wameweka kizuizi cha usalama kinachoingia mbele ya planja sindano zinapokuwa nje ya mahali pake. Hakikisha kizuizi hicho kipo, kinacheza, na hakijafungwa kwa waya.

Kwa planja yenyewe, chukua mtaimbo uinyanyue na kuisukuma kando. Ikiwa inapanda na kushuka ovyo, roli au reli zake zimelika. Planja ina kisu pembeni, na ukutani mwa chumba kuna kisu kingine kisichosogea. Viwili hivyo hukata nyasi kila planja inapopita, na nafasi kati yao iwe kama milimita moja au pungufu. Kikiwa butu au mbali, nyasi hunyofolewa badala ya kukatwa, mashine hulemewa, na upande mmoja wa robota hutokeza mikia mirefu. Hilo unaweza kulijua kabla hata ya kuiona mashine, ukiangalia tu marobota yaliyotoka ndani yake.

Flaiwili nayo ina bolti ya usalama, ambayo kazi yake ni kukatika ili gia boksi ipone. Ukikuta mahali hapo pamewekwa bolti ngumu, au msumari, au pamechomelewa, ondoka. Sisemi punguza bei. Ondoka, kwa sababu mwenye mashine huyo alikuwa akipeleka kila kishindo moja kwa moja kwenye gia, na uharibifu uliomo ndani huwezi kuuona. Fungua kizibo cha gia boksi utazame oili: ikiwa nyeupe kama imechanganywa na maziwa, maji yameingia. Ivute na kuisukuma flaiwili kwenda mbele na nyuma. Ikicheza sana, ujue beringi zimekwisha.

Rangi mpya isikupumbaze wala isikuogopeshe, ila ichungulie. Mahali inapoficha mambo ni pale mkono wa kuvutia unapoungana na chesisi, na sakafu ya chumba cha kukandamizia, ambako nyasi zilizoachwa zikiwa mbichi hula bati mpaka likatoboka. Ingiza tochi ndani ya chumba. Huko hakuna anayepaka rangi.

Kuhusu trekta usiwe na hofu. MF 240, lenye nguvu za farasi karibu 50, linatosha kwa beila ya chumba cha inchi 14 kwa 18, yaani kama sentimita 36 kwa 46. Hakikisha tu kwamba lako ni lile la klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, trekta linasimama lakini PTO inaendelea. Bila hiyo, ukikutana na mstari mnene wa nyasi utalazimika kusimamisha kila kitu kwa pamoja, na mashine itasimama ikiwa imejaa nyasi pale zinapoingilia. PTO iende mizunguko 540 kwa dakika, na mwendo wa trekta ubadilishwe kwa gia, si kwa kupunguza mafuta. Wengi hupunguza mafuta wakidhani wanaihurumia mashine, kumbe flaiwili inapoteza msukumo na planja inaanza kusukuma kwa kukwama.

Muulize muuzaji namba ya modeli na uisome mwenyewe kwenye kibati, kisha uliza vipuri vya mtambo wa fundo vya modeli hiyo kabla ya kurudi kwake. Kwa New Holland, Massey Ferguson na John Deere utapata, vya kiwandani au vya kunakili. Kwa majina yasiyojulikana huku kwetu, hata mashine ikiwa nzima, sishauri.

Mchangiaji, Tanga

Mzee wa Nakuru amesema yote ya chuma, nami niongeze ya kamba, kwa sababu watu hulaumu mtambo wa fundo wakati kosa ni la kamba waliyonunua.

Huku kwetu tuna haki ya kulizungumzia jambo hili. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na kilele cha uzalishaji kilikuwa mwaka 1964, takriban tani 230,000. Sehemu kubwa ya katani hiyo ilikwenda Ulaya na Marekani kusokotwa kamba za mashine hizi hizi mnazozijadili. Kamba za plastiki zilipoenea ndipo soko lilipoporomoka, na mashamba mengi ya mkoa huu yakarudi vichaka. Kwa hiyo nikikushauri utumie kamba ya katani sisemi kwa upendeleo wa nyumbani peke yake. Beila nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa kufikiria katani.

Katani ni nene, ina mkwaruzo, na kibano huishika vizuri. Plastiki ni nyembamba na huteleza, hivyo ukihamia kwenye plastiki ni lazima ukaze kibano cha sahani na springi ya mdomo kidogo kidogo mpaka mafundo yakubali. Usichanganye aina mbili kwenye mashine moja kwa wakati mmoja, katani kushoto na plastiki kulia, kisha ukashangaa upande mmoja unafungua. Plastiki ina sifa yake: haiozi, panya hawaitaki, na robota linaweza kukaa chini ya turubai muda mrefu. Lakini kipande kikibaki kwenye hori, ng'ombe hukimeza, nacho hakimeng'enywi. Hujikusanya tumboni pamoja na vingine. Katani ikimezwa humeng'enywa. Anayetumia plastiki awe na kijana anayehesabu kamba mbili kwa kila robota linalofunguliwa, na ziende kwenye gunia.

Wakati wa kununua, shika kamba mita chache uipitishe kati ya vidole ukiwa umefumba macho. Katani duni ina mahali pembamba panapokatika na mahali penye uvimbe panapokwama kwenye tundu la sindano. Rola huvutwa kutoka ndani, si kuzungushwa kutoka nje, na mwisho wa rola moja huungwa na mwanzo wa nyingine kwa fundo bapa lililokazwa na mikia yake kukatwa mifupi. Fundo kubwa la kienyeji halipiti kwenye sindano.

Mchangiaji, Mbarara

Samahani kwa kuingilia, wakubwa. Mimi nina ng'ombe wachache wa maziwa na ekari tatu tu za nyasi. Je, inafaa tuchange watu watatu tununue beila kuukuu, au ni kujitafutia ugomvi?

Mchangiaji, Nakuru

Kwa ekari tatu, ndugu yangu, tengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Tandika kamba mbili ndani yake, jaza nyasi ukikanyaga kwa miguu, funga, nyanyua sanduku, na utapata robota la kilo kama 20. Vijana wawili watamaliza ekari zako bila mafuta wala fundi. Beila ya kuchangia inawezekana pale ambapo mmoja anaimiliki na wengine wanamlipa. Ikiwa ya wote, grisi haina mwenyewe.

Mleta uzi, Arusha

Nawashukuru sana. Jana nilikwenda na fundi wa mtaani kwetu, tukaizungusha kwa mkono kama mlivyoelekeza, halafu muuzaji akakubali tuijaribu kwa jirani yake mwenye nyasi zilizokwisha kukauka. Haya ndiyo niliyoyaona, nami naomba mnisaidie kuyasoma.

Gia boksi ina oili safi na flaiwili haina mchezo wa kutisha. Bolti ya usalama ni ya kawaida, ila tundu lake limepanuka kidogo likawa kama yai. Sakafu ya chumba imewekewa bati jipya, imechomelewa vizuri. Planja inacheza kidogo. Katika kujaribu, upande wa kushoto ulifunga kila robota bila kukosa. Upande wa kulia ulifunga machache, mengine yote yalitoka na kamba imeachia. Niliziokota kamba zilizoachia. Nyingi zina fundo kwenye ncha moja tu, na ncha ya pili haina kitu, imechanika nyuzi nyuzi. Vilevile marobota yalitofautiana urefu, moja fupi, moja refu. Muuzaji anasema ni kwa sababu mashine ilikaa muda mrefu bila kufanya kazi.

Mchangiaji, Nakuru

Umefanya jambo la maana kuziokota kamba. Kamba iliyoachia inasema ukweli kuliko muuzaji na fundi wote wawili.

Fundo kwenye ncha moja maana yake mdomo ulizunguka na kudaka, lakini kamba ya pili haikuwapo wakati wa kudakwa. Sasa angalia ile ncha tupu. Ingekuwa imekatwa safi, tungesema ilikuwa imebanwa kwenye sahani mpaka kisu kikaikata, ila mdomo uliikosa. Hapo tungetafuta kasoro kwenye ulimi wa mdomo au kwenye kidole kinachoisogeza kamba. Ya kwako imechanika nyuzi nyuzi. Hiyo ni kamba iliyochomoka kwenye sahani kabla ya wakati, kwa sababu kibano kimelegea, au kimelika, au kuna uchafu uliojisokota nyuma yake. Ingekuwa kibano kimekazwa kupita kiasi, ungeona kamba imesagwa na kukatika palepale kwenye sahani.

Kwa hiyo mwambie fundi asafishe kwanza. Mabaki ya kamba na makapi hujikusanya kati ya sahani na kibano, na hakuna marekebisho yatakayokubali juu ya uchafu. Baada ya hapo akaze springi ya kibano robo mzunguko, mfunge marobota kadhaa, mtazame kamba, kisha robo nyingine ikihitajika. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mafundi wengi hukaza kibano, hukunja mkono wa kisu na kubadili springi ya mdomo kwa mpigo, halafu likija tatizo jipya hawajui lilitoka wapi. Na kwa kuwa kushoto kunafunga vizuri, una kielelezo hapo hapo: linganisha kulia na kushoto kipande kwa kipande.

Maelezo ya muuzaji si uongo mtupu. Sahani na mdomo vilivyokaa msimu mzima bila kazi hupata kutu, na kutu huishika kamba mahali inapotakiwa kuteleza. Msasa laini na marobota mengi ndiyo dawa yake. Lakini kutu haielezi ncha iliyochanika, kwa hiyo usikubali iwe jibu la kila kitu.

Urefu unaotofautiana una sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni lile gurudumu lenye meno linalopima robota likipita. Meno yakiwa butu, au likiteleza kwa sababu nyasi hazijashikana, urefu hubadilika. Ya pili ni mlisho usio sawa, yaani mstari mnene hapa na mwembamba pale. Kumbuka robota hukatwa kwa idadi kamili ya mapigo ya planja, hivyo kila pigo likibeba nyasi nyingi mno, mashine haiwezi kumaliza robota katikati ya pigo. Endesha ili kila robota lipate mapigo kama 12 au zaidi. Fundi wa kwanza wa beila ni mtu wa reki, yule anayezikusanya nyasi katika mistari kabla hazijafungwa.

Tundu lililokuwa kama yai litobolewe upya na kuwekewa bushi. Planja inayocheza kidogo hurekebishika, ila visu viangaliwe upya baada ya kuibana. Kwa hayo yote, mashine hii mimi ningeinunua, kwa sharti kwamba gharama ya kibano, sahani ya kulia na kazi ya fundi itolewe kwenye bei. Muuzaji akikataa kata kata, mwombe atengeneze yeye, nawe urudi kuiona ikifunga pande zote mbili.

Mchangiaji, Tanga

Naomba tusimsahau dereva na vijana wake. Beila haisogezi mkono wa mtu nje, humvuta. Nyasi zikikwama kwenye vidole vya kukusanyia, mtu huona ni jambo la kuzivuta tu kwa mkono wakati mashine inazunguka, na vidole hivyo huivuta nyasi kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuiachia. PTO izimwe, trekta lizimwe, ufunguo uwe mfukoni mwa anayekwenda kugusa, na asubiri flaiwili isimame kabisa, kwa maana huendelea kuzunguka kwa muda baada ya trekta kunyamaza na nguvu iliyomo ndani yake inatosha kuzirusha sindano. Shafti ya PTO iwe na kifuniko chake kizima. Shuka, koti refu au kanga iliyofungwa kiunoni visikaribie hapo. Ukinunua mashine iliyopotewa na vifuniko, vitengeneze kabla ya kununua rola ya kwanza ya kamba.

Mleta uzi, Arusha

Tumeelewana na muuzaji. Atabadilisha sahani na kibano cha kulia, na bei imeshuka kwa kiasi cha kazi ya planja. Nitairudia kuiona kabla ya kulipa. Swali langu la mwisho ni utunzaji: siku za kazi, na kipindi kile kirefu kati ya msimu na msimu.

Mchangiaji, Nakuru

Siku za kazi, asubuhi kabla ya umande kukauka huna cha kufunga, basi muda huo ni wa mashine. Safisha mtambo wa fundo kwa upepo wa kompresa au hata kwa brashi, kisha tia grisi kwenye kila nipo (kile kichwa kidogo cha kuingizia grisi), pampu moja au mbili, ufute inayomwagika kwa sababu huokota makapi. Mtambo wa fundo na beringi ya konrodi, yaani mkono unaoisukuma planja, vipewe grisi kila siku ya kazi. Minyororo ipate oili jioni ikiwa bado na joto. Tembea na bolti za usalama za akiba zenye ugumu ulioandikwa na kiwanda, vidole kadhaa vya kukusanyia, na mdomo mmoja wa akiba ukiweza. Vidole vikae juu ya ardhi kiasi cha vidole viwili vya mkono. Vikikwangua udongo vitaokota jiwe, na jiwe likifika kwenye visu utalisikia.

Usikaze springi za msongamano nyuma ya chumba ili kupata robota zito. Kwetu robota la boma rhodes huuzwa likiwa la kilo 12 hadi 15, na mashine kuukuu inalitoa hilo bila kuteseka. Kadiri jua linavyopanda nyasi huwa kavu na kuteleza, hivyo robota hulegea. Kaza kidogo mchana, legeza jioni umande unaporudi. Ukisahau kulegeza ulichokaza mchana, kamba zitaanza kukatika kwenye fundo.

Unyevu ndio utakaoharibu nyasi hata mashine ikiwa mpya. Funga ukiwa chini ya asilimia 18, na kamwe usivuke 20, kwa sababu juu ya hapo robota hupata joto lenyewe ghalani, huota ukungu, na ghala zima linaweza kuwaka. Kama huna kipimo, katakata nyasi kidogo utie kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika moja au mbili. Chumvi ikibaki chembe chembe chini ya chupa, endelea. Ikiganda kwenye nyasi au ukutani mwa chupa, subiri. Jaribu kwa mafundo ya bua, si kwa majani tu. Majani ya boma rhodes hukauka mapema na kukudanganya, huku bua bado lina maji.

Msimu ukiisha, kazi ya kwanza ni kulitoa robota lililobaki chumbani. Hili ndilo lililotoboa sakafu ya hiyo unayoinunua: nyasi zilizoachwa humo hunyonya unyevu wa masika na kulala juu ya bati miezi kadhaa. Legeza springi za msongamano. Fagia, puliza, usioshe kwa maji ya nguvu karibu na beringi. Paka grisi kuta za chumba, mdomo, sahani, ncha za sindano na visu. Zungusha flaiwili kwa mkono mara moja moja ili grisi isambae na beringi zisilale mahali pamoja, iweke chini ya bati, si chini ya mti, na panya wasijenge ndani. Kabla ya msimu mpya, futa grisi yote kwenye sahani na mdomo, kwa kuwa kamba yenye grisi haibaniki, na ufunge marobota ya kwanza pale penye nyasi zako duni.